Uzi: Kishikwambi kwa mtoto mwenye mahitaji maalum, tuelezane kabla hujashuka Kariakoo

MwlKitengo (mleta mada)

Habari za jioni wanajamvi.

Kila likizo ikikaribia wazazi wananiuliza: "Mwalimu, nimnunulie tablet gani?" Nafundisha kitengo cha mahitaji maalum kwenye shule ya msingi hapa Dar, kwa hiyo nimeona niandike mara moja. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye la kupinga apinge.

Kifaa ndicho kitu cha mwisho kuchaguliwa. Anza na mtoto: ni kazi gani inayomshinda ambayo kishikwambi kinaweza kumsaidia kuifanya? Yupo asiyeongea, anahitaji kitu kimsemee. Yupo anayeona kwa shida, anahitaji maandishi yakuzwe. Yupo mwenye mtindio wa ubongo ambaye kila kitu anakielewa ila mkono haumtii. Yupo anayejifunza taratibu, anataka kurudia somo lile lile mara hamsini bila mtu kumkunjia uso. Kwenye fomu za shule wote hao wanaandikwa "mahitaji maalum", lakini kinachomfaa huyu kinaweza kumtesa yule. Ukishaijua kazi, tafuta programu. Ukishapata programu, angalia inakaa kwenye kifaa gani. Hapo ndipo uingie dukani.

Nianze na asiyeongea, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Programu za kumsemea mtoto zinafanya kazi hivi: skrini ina vitufe vya picha, mtoto anabonyeza, kifaa kinatamka. Inayotajwa sana mtandaoni ni Proloquo2Go ya kampuni ya AssistiveWare ya Uholanzi, iliyotoka 2009. Ni nzuri, sibishi. Ila inakaa kwenye vifaa vya Apple tu, bei yake inazidi dola 200 kabla hujanunua hiyo iPad yenyewe, na haina Kiswahili. Mtoto wa Mbagala anayesikia Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini, unampa mdomo wa Kiingereza ili azungumze na nani? Bibi yake atamjibu nini?

Upande wa Android kuna LetMeTalk, ya bure, inayotumia picha za ARASAAC kutoka jimbo la Aragón, Hispania. Picha hizo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia ilimradi hafanyii biashara. Kuna pia Cboard, ambayo UNICEF iliwahi kuifadhili, nayo inafunguka hata kwenye kivinjari cha kawaida. Unafuta maandishi ya Kiingereza kwenye kitufe, unaandika ya kwako, unaweka picha uliyopiga mwenyewe. Piga picha ya kikombe CHAKE, siyo kikombe cha Wazungu chenye maua.

Kuhusu sauti: Google wana sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi, unaipakua kwenye mipangilio ya Android. Inasoma kama mtangazaji aliyekesha, lakini inaeleweka. Mimi napendelea kurekodi pale programu inaporuhusu. Tafuta mtoto wa rika lake, binamu au jirani, arekodi yeye. Mtoto wa kike wa miaka saba kutoa sauti ya baba yake ya besi kila akitaka uji, wenzake darasani watamcheka.

Sasa maneno. Wazazi wengi wanajaza majina ya vitu: ndizi, gari, wali, maji. Mtoto anaishia kuwa mwombaji tu. Anza na maneno yanayofanya kazi kila mahali: nataka, sitaki, tena, basi, bado, nisaidie, njoo, inauma, nimechoka, choo. Kwangu mimi "sitaki" inatangulia "ndizi". Baadhi ya watoto ninaoletewa wakiwa wanang'ata wenzao walikuwa wanakataa jambo na hawana pa kulisemea.

Vitufe visihamishwe hovyo. Mtoto anashika mahali kwa mkono, kama wewe unavyoandika ujumbe bila kutafuta herufi. Ukipanga upya kila wiki, unamfuta ulimi kila wiki. Na wewe mwenyewe ubonyeze unapozungumza naye. Hakuna mtoto aliyejifunza lugha ambayo hajawahi kuona mtu mwingine akiitumia.

Kuna wazazi wanaogopa kwamba akizoea kifaa atazembea kuongea. Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za suala hili mwaka 2006. Katika zile walizoziona zimefanywa kwa uangalifu, hawakukuta mtu ambaye usemi wake ulirudi nyuma, na wengi waliongeza kidogo. Kwa hiyo hofu hiyo iwekeni kando.

La mwisho kwa leo: kifaa cha kuongelea kisiwe hicho hicho cha katuni. Akikosea unamnyang'anya katuni, na mdomo unaondoka nao. Mwenye uwezo wa kifaa kimoja tu akifungie kwenye programu moja: kwenye iPad kuna Guided Access, kwenye Android kuna kubandika programu kwenye skrini, na vyote vinafungwa kwa namba ya siri.

Nitarudi na ya wanaojifunza taratibu. Karibuni.

Kipanga_Mbezi

Mwalimu heshima yako, lakini mimi napinga. Hizo skrini ndizo zimetuletea usonji (autism) mitaani. Zamani tulikuwa tunacheza rede na kombolela, mbona hatukuwa na watoto wasioongea?

MwlKitengo

Walikuwepo, mkuu. Walifichwa ndani, au waliitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Usonji mtoto anazaliwa nao, skrini haiuleti.

Ila sikupuuzi moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Hapo wanasemea kukaa na kutazama. Mtoto anayebonyeza "mama njoo" yuko kwenye mazungumzo na mama yake, hatazami chochote.

BabaPacha

Asante kwa uzi mwalimu. Mdogo wangu yuko Marekani, anakuja Desemba, kasema ataleta kifaa. Nimwambie iPad au zile Fire za Amazon za watoto? Kaniambia Fire ni bei rahisi, ina kava gumu, na ina dhamana ya miaka miwili hata mtoto akiivunja.

FundiVioo_Msimbazi

Kaka, Fire acha. Haina duka la Google, programu nyingi alizotaja mwalimu utazitafuta kwa njia za panya. Na hiyo dhamana ya kuvunja, kioo kikipasukia Gongo la Mboto utakituma Marekani kwa basi gani?

Nafanya kazi ya vioo Msimbazi, naomba niongeze ya ufundi.

iPad za kawaida (siyo Air, siyo Pro) kioo cha juu na skrini ya ndani vimetengana. Kikipasuka nabadilisha kioo peke yake. Air mpya na Pro vimegandishwa pamoja, unalipia vyote. Kwa mtoto anayerusha vitu, chukua ya kawaida.

Za mtumba: wengi wanauziwa iPad Air ya kwanza au mini 2. Hizo masasisho ya mfumo yaliishia iOS 12. Air 2 na mini 4 ziliishia iPadOS 15. Inawaka vizuri, inang'aa, lakini programu unayoitaka inagoma kupakuliwa. Ukipata ya kizazi cha 9, ile ya 2021, hapo sawa, na ina tundu la spika za masikioni. Ya kizazi cha 10 tundu hilo limeondolewa, kwa mtoto anayevuta waya hiyo ni nafuu au ni shida, inategemea.

Usilipe kabla haijafutwa yote mbele yako na kuwashwa upya hadi mwisho. Ikidai barua pepe ya mtu usiyemjua, mrudishie. Ikiandika kwamba kifaa kinasimamiwa na shule au taasisi fulani, mrudishie pia, hata kama muuzaji anaapa. Zile ni za shule za nje, mwenyewe anaweza kuzifunga akiwa huko huko. Android nayo ina mtego huo huo, ikifutwa inadai akaunti ya Google ya mwenye nayo wa kwanza.

Vile vishikwambi vya rangi rangi vyenye kava la mpira, boksi limeandikwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 16 GB na nafasi ya kuhifadhi 512 GB kwa bei ya kitenge: namba za kwenye boksi ni mapambo. Ingia dukani na bando lako, pakua programu yako pale pale, ifungue, bonyeza haraka haraka. Ikichelewa kutamka, ondoka. Ukipata RAM ya kweli ya 4 GB na nafasi 64 GB, kazi ya mtoto inakwenda.

Kama ina laini, piga *#06#, chukua zile namba 15 uzitume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue kama kifaa ni halisi. Tusije kulia kama Juni 2016 simu feki zilipozimwa.

MamaK_Tabata

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la nne, ubaoni haoni hata akikaa mbele. Hizi programu za picha hazimhusu, anaongea hadi namwambia anyamaze. Yeye anunuliwe nini?

MwlKitengo

Marahaba mama. Huyo ndiye ninayesema usimchanganye na wengine.

Kwake ukubwa wa skrini ndiyo hoja. Inchi 8 ni ndogo, tafuta inchi 10 au 11. Galaxy Tab A9+ ya Samsung ina inchi 11, iPad ya kawaida ni inchi 10 na kidogo. Bandika ile filamu isiyong'aa juu ya kioo, maana mwanga unamuumiza macho. Weka maandishi meupe juu ya weusi. Washa ukuzaji kwenye mipangilio ya Ufikivu (Accessibility) ili agonge mara tatu na skrini ivutike.

Lakini matumizi yake makubwa yatakuwa kamera. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye anapiga picha, anaikuza mezani kwake, anaandika kwenye daftari. Kwa hiyo angalia kamera ya nyuma, jambo ambalo wazazi wengine humu hawana haja nalo. Na uwe na kistendi cha kukisimamisha, asikiinamie kutwa shingo ikapinda.

Nenda kwanza kwa mwalimu mkuu. Shule nyingi zinakataza simu na zinaweka vishikwambi kwenye kapu hilo hilo. Pata ruhusa ya maandishi. Walimu wengi walipewa vishikwambi vya Sensa ya 2022, siyo kitu kigeni kwao, ila mtoto kuja nacho ni habari nyingine. Na asiache karatasi: watahiniwa wenye uoni hafifu NECTA (Baraza la Mitihani) inawapa mtihani wa maandishi makubwa, na unafanyika kwenye karatasi. Miwani na vipimo vya macho anavyo? Kama bado, pita hospitali ya CCBRT Msasani kabla ya kununua chochote.

MamaK_Tabata

Miwani anayo, ila anasema inamchosha. Nitampeleka tena. Ubarikiwe sana.

DadaWaKiziwi

Niongee kwa niaba ya mdogo wangu aliyesoma Buguruni Viziwi. Wazazi wa watoto viziwi msipakue programu za lugha ya alama bila kuangalia ni ya nchi gani. Nyingi zinafundisha ya Kimarekani. Sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, mtoto akijifunza alama za Marekani kwenye kishikwambi, darasani haelewani na mtu. Waulizeni CHAVITA, chama cha viziwi, au walimu wa viziwi.

Kwa kiziwi kishikwambi kizuri ni kile chenye kamera nzuri ya MBELE na bando la kutosha kupiga simu za video. Mdogo wangu alichangamka alipoanza kuongea na wenzake likizo, wakati nyumbani hakuna aliyejua alama zaidi yangu. Na nyie wa nyumbani jifunzeni, jamani. Kifaa hakitamjibu.

Fizio_Temeke

Nafanya mazoezi tiba kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Naongeza dogo.

Mtoto ambaye mkono unatetemeka au unaburuza kwenye skrini, wazazi wanasema "hawezi kutumia". Mara nyingi mipangilio haijaguswa. Kwenye iPad kuna Touch Accommodations, unaiambia isubiri kidole kitulie kwa muda kidogo ndipo ihesabu. Samsung nazo zina kuchelewesha mguso na kupuuza miguso inayojirudia, viko ndani ya Ufikivu. Jaribu hivyo kabla hujasema hawezi.

Kisha kuna lile bati la plastiki lenye matundu linalokaa juu ya skrini, kila tundu juu ya kitufe chake. Mtoto anapumzisha mkono juu ya plastiki na kidole kinaingia tundu moja. Nje linauzwa ghali. Hapa mafundi wa mabango wanaokata akriliki wanaweza kukutengenezea, wapelekee kifaa chenyewe wapime. Ukishalikata, idadi na mpangilio wa vitufe usibadilike tena, maana matundu hayahami.

Na akae vizuri. Kiti, miguu ifike chini au kwenye boksi, meza ifike kwenye viwiko. Mtoto anayepigana asianguke hana mkono wa kubonyeza.

Kipanga_Mbezi

Hili la kukaa sikulifikiria. Sawa, endeleeni.

MwlKitengo

Fizio asante, hilo la akriliki nalichukua.

Niliahidi wanaojifunza taratibu. Nawaomba mkumbuke jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, watengeneze programu ambayo mtoto asiye na mwalimu atajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu peke yake. Majaribio yalifanyika mkoani Tanga, vijiji karibu 170, kwa miezi 15, kwa Kiswahili. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwaka 2019 washindi walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion, kila mmoja akabeba dola milioni 5.

Kinachonigusa mimi ni Kitkit. Waliouanzisha mradi ule ni mume na mke Wakorea waliokuwa wakitengeneza michezo ya kompyuta. Walipata mtoto mwenye mahitaji maalum, wakaanza kumtengenezea programu za kujifunzia. Ndiyo maana zinakwenda polepole, hazimzomei mtoto akikosea, hazimharakishi kwa saa. Programu za timu zilizofika fainali ziliachiwa kwa msimbo wazi, mtu anayejua kompyuta anaweza kuzichukua.

Kwa hiyo mnapochagua programu ya mtoto wa aina hii, muangalie hayo. Akikosea inafanya nini? Ikipiga king'ora na kuweka alama nyekundu, mtoto mwenye usonji anaweza kubonyeza jibu baya makusudi ili asikie king'ora. Nimeyaona. Je, kelele na nyota zinazoruka zinazimika? Inafanya kazi bila intaneti? Bando likiisha katikati ya somo na matangazo yakaanza kuruka, somo limekufa. Hapa brandi ya kifaa siijali sana. Android ya kawaida yenye jina linalojulikana inatosha, mradi ina tundu la spika za masikioni na betri inayofika jioni, maana umeme wetu mnaujua.

Asiye_Na_Kitu

Mwalimu mnaongea mambo ya laki tano, laki sita. Mimi ni mama lishe, mwanangu wa kiume miaka sita haongei. Sasa sisi tusiojiweza tufanyeje?

MwlKitengo

Dada yangu, tena wewe nilipaswa nikujibu wa kwanza kabisa.

Anza na karatasi. Mfumo wa kadi za picha uitwao PECS ulianza 1985 huko Marekani, mtoto anakupa kadi, wewe unampa alichoomba. Tafuta kadi nne tu za mambo anayoyapenda kweli. Picha za ARASAAC unazipata kwenye simu, zichapishe stationery yoyote, zipigwe laminesheni, uzitoboe na kuzifunga kwa kamba. Zinavumilia mvua, haziibiwi kwenye daladala na hazihitaji LUKU. Hata wenye iPad nawaambia wawe na ubao wa karatasi wenye vitufe vile vile kwa mpangilio ule ule, siku kifaa kikizima mtoto asibaki bubu.

Kama una simu janja yako mwenyewe, hata ndogo, fungua Cboard kwenye kivinjari mpime mtoto kama anaelewa kubonyeza. Hapo utajua kama kuna haja ya kudunduliza. Na mpeleke apimwe usikivu, Muhimbili wanapima. Asiyeongea huenda hasikii, na hapo habari yote ya vitufe inabadilika. Ulishampima?

Asiye_Na_Kitu

Hajapimwa. Akiitwa anageuka, ila siyo kila mara.

MwlKitengo

Basi hilo kwanza, wiki hii kama unaweza. Nitumie ujumbe wa faragha nikuchapishie kadi za kuanzia.

FundiVioo_Msimbazi

Dada, kuna tableti ya Samsung imekaa kwangu mwaka mzima, mwenyewe aliitelekeza akasema niuze vipuri. Kioo kina ufa pembeni ila inafanya kazi. Akishapimwa, mwalimu akisema inamfaa, njoo uichukue. Nitampigia mwenyewe kwanza anipe ruhusa na afungue akaunti yake.

BabaPacha

Fundi Mungu akuzidishie.

Wakuu nirudi kwenye langu. Nimempigia mdogo wangu nimwambie Fire hapana. Anasema alishanunua, mbili, kwa kuwa ni mapacha, na zilikuwa na ofa.

MwlKitengo

Hahaha. Hazitupwi. Zije, zitakuwa za katuni na michezo, na kava gumu litafanya kazi yake. Halafu hiyo pesa ya iPad aliyokuwa ameitenga mwambie aje nayo mfukoni, mtashuka naye Msimbazi. Pacha asiyeongea ni mmoja au wote?

BabaPacha

Mmoja. Mwenzake ndiye anayemsemea kila kitu.

MwlKitengo

Basi sauti ya kurekodi mnayo tayari ndani ya nyumba. Anzeni na "sitaki" na "tena", na mfundisheni huyo mwenzake kusubiri kidogo kabla hajajibu kwa niaba yake.